Taa ya Ndani ya Gari na Usalama wa Msafiri wa Usiku

*Hotuba kwa madereva, wenye magari, mafundi na viongozi wa mitaa wa Arua na Koboko*



Mada yetu ya leo ni balbu ya ndani ya gari. Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini polisi waache habari za magendo, wizi na ajali, waje kuzungumzia balbu isiyozidi urefu wa kidole. Jibu ni kwamba katika eneo letu la mpakani, balbu hiyo ndiyo inayoamua namna msafiri na afande wanavyokutana usiku. Ikiwaka vizuri, wawili hao huonana nyuso, na mazungumzo huisha kwa muda mfupi. Isipowaka, au ikiwaka kwa rangi isiyofaa, kila mmoja humhofia mwenzake kabla neno la kwanza halijasemwa.

Siku hizi wenye magari wengi wanaondoa balbu za zamani na kuweka taa za LED. Badiliko hilo ni jema, nasi hatulipingi. Tunachoomba ni kwamba lifanywe kwa maarifa, na kwa lengo la kuona na kuonekana, wala si kwa lengo la pambo.

Barabara inayounganisha mipaka miwili

Barabara yetu ya lami inaanza Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, inapita Arua, Maracha na Koboko, na kuishia Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Urefu wake ni kilomita 92. Kwa hiyo gari linaweza kutoka mpaka mmoja hadi mwingine katika usiku mmoja, tena kwa saa chache tu. Ndani yake huwamo mfanyabiashara wa Ariwara, mgonjwa anayepelekwa hospitali Arua, mwanafunzi anayerudi Koboko, ndugu wanaokwenda matangani Yei, au mkimbizi aliyetoka kuwatembelea jamaa zake Lobule au Rhino Camp. Walugbara, Wakakwa na Waaringa wana ndugu ng'ambo ya mipaka hii. Kuvuka kwao ni jambo la kila siku, wala si dalili ya uovu.

Hata hivyo, barabara hiyo hiyo hutumiwa na wachache wenye nia mbaya. Afande aliyesimama kizuizini usiku hawezi kuwatenga wema na waovu kwa kutazama namba ya gari peke yake. Anahitaji kuona nani wamo ndani, wako wangapi, na kama wako salama. Mtoto anayesafirishwa na watu asiowajua, au abiria aliyeshikwa kwa nguvu, hawezi kusaidiwa iwapo gari zima ni giza. Taa ya ndani inamlinda huyo kwanza, kisha inatulinda sisi sote.

Kwa nini LED inafaa

Kwa miaka mingi West Nile ilikaa nje ya gridi ya umeme ya taifa. Watu wetu walijifunza mapema kuhesabu umeme, na taa ndogo za sola zilizoingia majumbani na madukani zilitufundisha kwamba mwanga mwingi unaweza kupatikana kwa nguvu kidogo. Taa hizo za sola ni LED. Anayeijua taa yake ya nyumbani tayari anaijua nusu ya somo hili.

Balbu ya zamani ina uzi mwembamba wa chuma ambao hupashwa moto mpaka ung'ae. Sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto, na kidogo tu hugeuka mwanga. Ndiyo sababu kifuniko cha plastiki cha taa ya dari huwa cha moto, na mara nyingine hugeuka rangi au kujikunja. LED haina uzi. Mwanga wake hutoka katika kipande kidogo cha madini yanayopitisha umeme kwa namna maalumu. LED nyekundu ya kwanza iliyotoa mwanga unaoonekana kwa macho ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na Nick Holonyak. Ya bluu yenye nguvu ilipatikana miongo mitatu baadaye, kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mwanga mweupe tunaoujua leo kwa kawaida hupatikana kwa kuifunika LED ya bluu na unga wa manjano. Likumbukeni jambo hilo, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye suala la rangi.

Faida kwa mwenye gari inahesabika. Chukueni balbu ya dari ya wati 10 kwenye gari la volti 12. Inakula karibu ampea 0.8. Mlango ukiachwa wazi kidogo, au swichi ikisahauliwa usiku kucha kwa saa 12, balbu hiyo itakuwa imekula kama ampea-saa 10. Betri ya gari dogo mara nyingi ni ya ampea-saa 45 hivi. Kwa hiyo balbu moja imemaliza zaidi ya sehemu moja ya tano ya betri mpya; na betri iliyochakaa haitawasha injini asubuhi. LED ya wati 1, kwa saa hizo hizo 12, itakula ampea-saa 1 tu. Kwa dereva anayelala foleni Vurra au Oraba akingojea ofisi ya ushuru ifunguliwe, tofauti hiyo ni kati ya kuondoka asubuhi na kuomba watu wamsukume.

Namna ya kubadili

Kazi hii si ngumu, lakini ina utaratibu wake.

Kwanza, zimeni injini na taa zote, toeni ufunguo, na ngojeni balbu ipoe. Balbu iliyotoka kuwaka inaweza kuunguza vidole. Funueni kifuniko cha plastiki taratibu, kwa kipande cha plastiki au bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, ili kisivunjike. Msing'oe ubao wa pembeni mwa kioo cha mbele wala wa ukingoni mwa dari kutafuta nyaya. Katika magari mengi ya kisasa mifuko ya hewa ya usalama imefichwa huko, na si mahali pa kuchokoa.

Pili, itoeni balbu ya zamani na mwende nayo dukani. Balbu za ndani ziko za maumbo mbalimbali. Ya dari mara nyingi ni kama kijirisasi chenye vifuniko vya chuma pande zote mbili, na urefu wake hutofautiana: milimita 31, 36, 39 na kadhalika. Fupi kuliko ile ya asili italegea na kuzimika kila gari linapopita kwenye shimo. Ndefu itapinda vishikizo. Nyingine ni za kuchomeka, zisizo na kofia ya chuma, na hutumika kwenye taa ndogo za kusomea ramani. Kuilinganisha ya zamani na mpya mkononi ni bora kuliko kuamini jina la gari peke yake, kwa maana magari mengi yaliyotumika yanapofika kwetu huwa yamekwisha kubadilishwa vitu.

Tatu, someni volti. Gari dogo hutumia volti 12. Malori mengi na mabasi makubwa hutumia volti 24, kutoka betri mbili zilizounganishwa. LED ya volti 12 ikiwekwa kwenye lori la volti 24 hupewa volti maradufu. Itaungua haraka, na yaweza kupata joto la hatari. Dereva wa lori asikubali kuambiwa kwamba "zote ni sawa". Fahamuni pia kwamba hata gari la volti 12, injini ikiwa inanguruma, hufikia volti 14 na zaidi. LED nzuri ina kidhibiti ndani yake cha kuhimili hali hiyo.

Nne, ichomekeni LED na kuijaribu. Isipowaka, msikimbilie kurudisha dukani. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, tofauti na balbu ya uzi. Itoeni, igeuzeni, na mara nyingi itawaka. Jaribuni nafasi zote tatu za swichi: kuwaka daima, kuwaka mlango ukifunguliwa, na kuzima. Fungeni milango yote mkaangalie kama taa inazimika kabisa. Katika baadhi ya magari LED hubaki na mng'ao hafifu kwa sababu ya umeme mdogo unaopita kwenye swichi. Mng'ao huo kwa kawaida si hatari, lakini fundi wa umeme autazame. Mwisho, fungueni redio. LED duni huweza kuingiza mkwaruzo kwenye mawimbi, na kama redio inakwaruza kila taa inapowashwa, taa hiyo haifai.

Tano, waya na fyuzi. Kubadili balbu hakuhitaji kukata waya wowote. Hatari huanza pale mtu anapotaka taa za utepe chini ya viti na kando ya milango, na fundi akachukua umeme kutoka waya wowote aliouona, akaufunga kwa gundi ya plastiki bila fyuzi. Waya huo unasuguana na chuma kila gari linapotikisika. Siku ganda lake litakapochubuka, hakuna fyuzi ya kukata umeme, na moto utaanzia chini ya zulia ambako hakuna anayeuona. Nawasihi mafundi wetu: kila waya mpya uwe na fyuzi yake, iliyo ndogo na karibu na chanzo cha umeme. Na wenye magari msiwabane mafundi kwa bei mpaka waache fyuzi. Kinga ni bora kuliko tiba.

Rangi na mimeto

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa sisi polisi moja kwa moja. LED zinauzwa za kila rangi: nyeupe, manjano, bluu, nyekundu, zambarau, na zile zinazometameta kwa kufuata muziki. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Mimeto ya bluu na nyekundu ni alama ya magari ya dharura: polisi, zimamoto na ambulansi. Raia akiiona usiku hupisha njia. Gari la kawaida linapometameta bluu nyuma ya kioo cha mbele, madereva wengine hudhani ni polisi. Wapo wanaosimama ghafla, na wapo wanaoingia kando ya barabara penye watembea kwa miguu. Wahalifu nao hupenda kujificha nyuma ya alama hizo. Kwa miaka mingi Polisi ya Uganda imekuwa ikiwaonya wenye magari binafsi dhidi ya ving'ora na mimeto wasiyoruhusiwa. Onyo hilo linawahusu pia wanaoiweka ndani ya gari, kwa maana kioo hakizuii mwanga kutoka.

Hata nyeupe ina daraja zake. Nilisema kwamba mwanga mweupe kwa kawaida hutokana na LED ya bluu iliyofunikwa unga wa manjano. Weupe wenye unga haba huelekea bluu, huchoma macho, na hupotosha rangi ya vitu. Kwenye pakiti hutafuteni kipimo cha kelvini. Karibu na 3000 ni mwanga wa manjano kama wa balbu ya zamani. Karibu na 4000 ni mweupe wa wastani. 6000 na zaidi huelekea bluu. Kwa taa ya dari, kati ya 3000 na 4500 inatosha kusoma hati, kuhesabu fedha na kuona uso wa mtu kama ulivyo. Wala msitafute ukali mwingi. Balbu ndogo ya wati 5 ya zamani ilitoa lumeni 50 hivi tu, na wazazi wetu walisoma hati kwa mwanga huo.

Gari likiwa mwendoni

Taa ya dari ni ya gari lililosimama. Gari likianza kwenda, izimeni. Jicho la binadamu linahitaji hadi nusu saa kuzoea giza kikamilifu, lakini mwanga mkali wa sekunde chache huliharibia mazoea hayo. Tena taa ikiwaka ndani, kioo cha mbele hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia: dereva huona viti vyake na abiria wake, asimwone mbuzi, baiskeli isiyo na taa, au mama aliyebeba mzigo akirudi kutoka sokoni.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi mipakani. Uganda tunaendesha kushoto. Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Dereva anayepita Vurra au Oraba anabadili upande wa barabara mara moja, na anayetoka huko naye anafanya hivyo hivyo. Dakika hizo za kwanza zinahitaji macho makavu na akili iliyotulia. Asiwe na taa za rangi zikicheza ndani ya gari lake.

Kizuizini: wajibu wa pande mbili

Mnapofika kwenye kizuizi usiku, punguzeni mwendo mapema na mshushe taa kubwa zisimpofushe afande. Simameni, kisha washeni taa ya ndani. Shusheni dirisha. Dereva aweke mikono yake kwenye usukani, na abiria wakae walipo. Msiinamishe mikono chini ya viti kutafuta hati kabla hamjaulizwa. Mtu anayeinama gizani huzua shaka hata kama anatafuta kitambulisho tu. Taa ikiwaka, afande anaona kwamba mama aliyekaa nyuma amembeba mtoto mgonjwa, naye hatawachelewesha.

Lakini sikuja hapa kuwafundisha raia peke yao. Mwanga unaowaonyesha ninyi kwa afande unamwonyesha yeye kwenu. Mnayo haki ya kuona sare yake na jina lililo kifuani pake. Afande naye anapaswa kusimama mahali anapoonekana, kusalimia kwanza, kueleza sababu ya kuwasimamisha, na kuelekeza tochi yake kwenye mikono na hati, si machoni mwa dereva ambaye baada ya dakika mbili ataendelea na safari gizani. Ukaguzi ufanyike penye mwanga. Kinachofanyika penye mwanga ni vigumu kugeuka kuwa dhuluma, na ni vigumu pia kusingiziwa kuwa dhuluma.

Najua wapo wanaoogopa kuwasha taa kwa hofu kwamba waliosimama barabarani si polisi wa kweli. Hofu hiyo si ya kubezwa. Mkiwa na shaka, fungeni milango kwa ndani, shusheni dirisha kidogo tu la kupitisha sauti, ulizeni jina na kituo anachotoka, na pigeni simu 999 au 112. Afande wa kweli hatakasirika kwa kuulizwa, kwa maana swali hilo linamlinda na yeye pia.

Ombi langu

Waheshimiwa, ninayo maombi matatu. Wenye teksi, wiki hii kagueni kama taa ya dari inawaka katika kila gari, pamoja na ile ya safu ya nyuma inayosahaulika. Abiria anayeshuka usiku anahitaji kuona mahali pa kukanyaga na kuhakikisha kwamba mzigo wake na chenji yake viko sawa. Mafundi, wekeni LED ya volti inayofaa, ya rangi tulivu, na msiunganishe waya usio na fyuzi. Viongozi wa LC, lifikisheni somo hili kwenye mikutano ya vijiji kwa Kilugbara, Kikakwa na lugha zote ambazo watu wanazielewa, ili lisibaki kuwa la wenye magari peke yao. Abiria naye ana sauti: anaweza kumwambia dereva kwa upole, "Washa taa, mwanangu, afande atuone."

Balbu moja ya LED haitamaliza magendo wala kufuta kutoaminiana kulikojengeka kwa miaka. Lakini kila usiku, kati ya Vurra na Oraba, kuna dereva na afande wanaokutana bila kujuana. Tukiwapa mwanga wa kuonana, tumewapa nafasi ya kusalimiana kama watu wa eneo moja.

 Nitakaa nanyi kujibu maswali, na mwenye gari lililo karibu alilete, fundi atuonyeshe kwa vitendo.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.